33,550,336 na neno la shemeji

"Bahati tu hiyo, shemeji." Neno hili limenikaa kooni tangu Jumapili na halishuki. Harusi ya Rukia imepita salama, kazini wameniambia mwezi ujao nahamia Voi, lakini mi nnalolala nalo na kuamka nalo ni hilo.

Twaha mnamjua, mtoto wa dadangu. Tulikuwa barazani kwao Kibokoni baada ya biriani, namuonyesha namba kamilifu, yani ile ambayo ukijumlisha zote zinazoigawa bila baki, yenyewe ukaiacha, wapata ileile. 6 ni 1+2+3. 28 ni 1+2+4+7+14. Kisha 496, kisha 8,128, hizo Wagiriki wa kale walizijua, alafu ya tano yaruka mbali kweli, 33,550,336. Mtoto akaiandika sakafuni kwa chaki, akajumlisha tarakimu moja moja, mara kelele: "Mamdogo! Ni 28! Na 28 si pia ni kamilifu?" Macho yamemtoka kwa furaha. Ndio babake, uso kwenye simu, akasema bahati tu hiyo shemeji, usimjaze mtoto mambo. Twaha akafuta chaki kwa mguu.

Bahati TU? Nimelirudia hilo "tu" kwenye matatu, jikoni, hata kwenye foleni ya feri.

Jana usiku nkatoa daftari. Kila kamilifu iliyo shufwa, isipokuwa 6, ukiigawa kwa 9 yabaki 1. Kwa hivyo jumla ya tarakimu zake lazima iwe 10, 19, 28, 37 na kuendelea, haina pengine pa kwenda. 496 yatoa 19, 8,128 pia 19. Kwamba hii ya tano imeangukia 28 hasa, hapo sawa, bahati imo, nampa shemeji haki yake. Lakini mlango ulikuwa mwembamba tayari, na mtoto aliuona.

Na nilipoanza sikuweza kuacha. Namba hii ni 4,096 mara 8,191, na 8,191 ni namba tasa, njia ya Euclid hiyo, yule Mgiriki wa hesabu: chukua kipeo cha 2, zidisha kwa maradufu yake toa 1, mradi hiyo ya mwisho iwe tasa. Jumlisha 1, 2, 3 mpaka 8,191, waipata. Chukua witiri zote toka 1 mpaka 127, kila moja kwa kipeo cha tatu, jumlisha, waipata tena! Mwanahesabu Ibn Fallus aliiweka kwenye orodha yake ya kamilifu karne ya 13. Na kamilifu iliyo witiri mpaka leo hakuna aliyeiona, wala aliyethibitisha kuwa haipo. Nikalala saa nane, moyo mweupe kabisa.

Leo Twaha kapiga kwa simu ya mamake, ataka ya sita. Nkamsomea: 8,589,869,056. Kimya, nasikia penseli. "64, mamdogo. Si kamilifu." Nkamwambia haya, toa tisa tisa. "...Yabaki 1!" Nyuma yake nikasikia sauti ya babake yauliza moja gani.

Ila mama hajala vizuri tangu jana, asema mdomo mchungu, na nikihamia Voi sijui nani atamkumbusha dawa za presha.