Nimekuja kupima malaria

Nimekuwa nesi wa kijijini miaka 19, huku Muheza, na kama kuna kitu nimekijua ni kwamba malaria ya wasichana wa sekondari ina saa zake. Haiji asubuhi. Inakuja saa tisa na nusu alasiri, akina mama wa kliniki wameshabeba watoto wao wamekwenda zao na benchi limebaki tupu. Binti anasimama mlangoni, sweta la shule kalifunga kiunoni, mkoba kaukumbatia. "Shikamoo nesi. Nimekuja kupima malaria."

Homa hana. Macho yanazunguka chumba kizima, yananiruka mimi tu.

Zamani ningemwambia, "Wewe huna malaria, sema kilichokuleta." Nilijiona hodari. Siku hizi nampima. Natoboa kidole, naweka tone kwenye kipimo, naandika saa pembeni kwa kalamu. Kipimo kile cha haraka hukisomi mpaka zipite dakika 15 au 20, na hizo ndizo dakika zangu. Nje hakuna atakayejiuliza mtoto wa fulani anafanya nini muda wote huo ndani. Anasubiri majibu. Na mara mojamoja, hasa baada ya masika, malaria inakutwa kweli, na mimi nabaki kujicheka kimoyomoyo.

Naufunga mlango kwanza. Hili dogo nilichelewa sana kulijua. Kisha namwambia: "Utakayoniambia hapa yanabaki hapa. Ila nikiona kuna mtu anakuumiza au anakulazimisha, hapo sitanyamaza, na nitakwambia wewe kabla sijamwambia mtu mwingine." Wenzangu wengine wanaona nikitaja hilo la pili binti ataogopa, atafunga mdomo. Wapo wanaofunga. Lakini kumwahidi siri yote halafu uivunje ni kumfunga mdomo mpaka uzeeni.

Siendi moja kwa moja kwenye uzazi. Unaishi na nani? Shule mnatoka saa ngapi? Njiani unarudi na nani? Semina nyingi nilizokwenda ziliniachia daftari na posho, ila ile ya huduma rafiki kwa vijana iliniachia utaratibu huu: anza nyumbani, pita shuleni, fika kwa marafiki, ya ndani yaje mwisho. Swali la njiani ni langu mwenyewe. Shule ya kata iko mbali, jua la mchana unalijua, na mwenye bodaboda anatoa lifti bure. Bure kwa siku mbili tatu za mwanzo.

Tukifika hapo ndipo anapotokea rafiki. "Nesi, kuna rafiki yangu anauliza, eti ukichelewa siku zako wiki mbili ni lazima iwe mimba?" Huyo rafiki nampenda sana. Sijawahi kuuliza jina lake. Namjibu yeye kwa kituo: kuchelewa kuna sababu nyingi, kipimo cha mkojo ndicho kitakachosema, na kama alilala na mtu bila kinga juzi tu, vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba wanavyoviita P2 vina saa 72, na kadiri anavyowahi ndivyo vinavyosaidia. "Mwambie rafiki yako aje, hata leo." Mara nyingi rafiki anafika palepale, kiti kilekile.

Sikuzaliwa na busara hii. Mwaka 2011 alikuja binti wa kidato cha pili, nitamwita Mwanaidi, si jina lake. Aliuliza habari za sindano ya uzazi wa mpango. Mlango wangu ulikuwa wazi, na swali langu la kwanza lilikuwa, "Umeolewa?" La pili, "Mama yako anajua?" Tena mama yake nilikuwa naye kikoba kimoja, na mtoto alijua. Akasema, "Basi, nesi," akaondoka. Miezi michache baadaye jina lake niliandika kwa mkono wangu kwenye kitabu cha wajawazito. Enzi hizo binti akipata mimba shule ndiyo kwaheri. Waraka wa Elimu Namba 2, unaowaruhusu kurudi darasani baada ya kujifungua, ulitoka Novemba 2021. Mwanaidi alikuwa amepitwa na miaka 10, anauza machungwa barabarani. Tukikutana ananiamkia vizuri tu, hana kinyongo. Mimi ndiye sijui niweke wapi macho.

Tangu hapo nachunga maneno. Hata shikamoo ina mambo yake: ukiitikia "marahaba mwanangu" umeshakuwa mama yake, na kwa mama ndiko alikokimbia. Naitikia "marahaba dada." Siulizi "umeshaanza uhuni?" wala "una wanaume wangapi?" Nasema, "Wapo wa umri wako wanaoniambia wana mtu, wapo wasio na mtu. Wewe uko upande gani?" Nanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote, kwa tulivyo sisi manesi.

Akisema kijiti, kile cha uzazi wa mpango kinachowekwa mkononi, hutembea mpaka kwenye moyo, simwambii ni upuuzi. Namuuliza aliyasikia wapi. Karibu kila mara ni kwa shangazi au bibi, pengine somo wake aliyemfunda, na mimi si mjinga wa kumtukana somo wa mtu. Nilipokuwa na changu nilikuwa namshikisha mkono: hiki hapa, chini ya ngozi, mwaka wa pili hakijahama. Yasiyopendeza namwambia pia. Damu inaweza kubadilika, ikapungua au ikaja bila mpango. Ukiacha sindano, uwezo wa kushika mimba unaweza kuchukua miezi kadhaa kurudi. Na hakuna kijiti wala sindano inayozuia Ukimwi au kisonono, hapo ni kondomu. Ukimficha hayo, siku damu ikigeuka atasema nesi kaniongopea, na bweni zima litajua kabla ya jua kuzama.

Wavulana wanakuja wachache, na wamechelewa. Kwanza wamekwishapita duka la dawa, wamemeza vidonge viwili vya kubahatisha, usaha haujakoma. Wao nazungumza nao tukiwa tumekaa ubavu kwa ubavu, si uso kwa uso. Sijui kwa nini inasaidia.

Jina la mwanamume wa binti silitafuti kama polisi. Mabinti wanajua kwamba anayempa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30, na anayependa kweli anaogopa kuliko anayeonewa. Nauliza umri. "Ni mkubwa kwako kwa kiasi gani?" "Ukimwambia hapana, anafanyaje?" Jibu la hilo la pili ndilo linaloniambia kama nafungua simu kumpigia ofisa ustawi wa jamii.

Mwenzangu mmoja ananiambia tunawafundisha uhuni. Nilimwonyesha takwimu za utafiti wa taifa wa mwaka 2022: kati ya wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 22 walikuwa wameshawahi kushika mimba. Nikamkumbusha kuwa tangu 2019 sheria inamruhusu wa miaka 15 kupimwa VVU bila saini ya mzazi. Alinisikiliza. Hakubadilika, ila sasa akimwona mwenye sweta kiunoni anamleta chumbani kwangu, na hilo linanitosha.

Jumapili iliyopita kwenye kikoba, chini ya mwembe, mama mmoja alinisogelea. Akaninong'oneza, "Nasikia binti yangu alikuja kwako juzi."

"Alikuja kupima malaria," nikasema, na sikudanganya.

"Akakutwa nayo?"

"Majibu nilimpa mwenyewe, dada. Muulize taratibu, usiku, mkiwa wawili."

Akanitazama kidogo. Mweka hazina akaita jina langu, nikaenda kununua hisa zangu tatu.