Simu iko ngapi? Siku moja na droni yangu Lubumbashi

Saa 11 alfajiri

Kabla sijanawa uso naangalia betri. Ziko mezani kama nilivyozipanga jana usiku: tatu za droni, rimoti, pawabenki na simu. Umeme ulikatika nikiwa usingizini. Taa ya chaja imezima, simu imesimama kwenye asilimia 71. Betri mbili za droni zimejaa, ya tatu inawasha taa mbili tu kati ya nne. Pawabenki, Mungu asifiwe, iliwahi kujaa.

Wanaoniona kazini huniuliza droni inakaa hewani dakika ngapi. Sijakutana na mtu aliyeniuliza simu inakaa dakika ngapi, na mimi swali hilo ndilo ninaloamka nalo. Droni yangu ni DJI Mini 2, ile ndogo ya gramu 249. Rimoti yake haina kioo, kwa hiyo simu ndiyo kioo. Ukifungua programu ya kurushia, inajaa skrini nzima: picha inayotoka juu, urefu, umbali, na betri ya droni kwa tarakimu ambazo huwezi kukosa kuziona. Betri ya rimoti inajisema kwa taa zake nne. Betri ya simu yenyewe, inayobeba hayo yote, hufichwa, kwa sababu ule mstari wa juu wenye saa na alama ya betri unaondoka programu inapofunguka. Unaweza kuuvuta kwa kidole urudi kidogo, lakini kidole hicho kinatoka kwenye kijiti cha kuendeshea, na jicho linatoka kwenye mti ulio mbele ya droni.

Nachomeka simu kwenye pawabenki, nafungua daftari na kuandika: "Jumamosi. Simu 71. Hakuna umeme."

Saa 1 asubuhi

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anafika na mkoba wake mgongoni. Anamaliza sekondari mwaka huu, na Jumamosi ananisaidia kazi. Tunapanda teksi kwenda mtaa wa Golf, simu ikiendelea kunywa pawabenki ndani ya mfuko wangu. Mchana wa Oktoba hapa Lubumbashi unachoma, lakini asubuhi bado ina ubaridi mzuri, na jakaranda zimemwaga maua ya zambarau hadi barabarani.

Njiani naiweka simu kwenye hali ya ndege. Rimoti inaongea na simu kwa waya, si kwa mtandao, kwa hiyo hakuna ninachopoteza. Ramani ya mtaa niliipakua jana, na GPS inafanya kazi hata hivyo. Simu inayotafuta mnara wa mtandao huku imewasha skrini yote inaisha haraka mno, tena anaweza kukupigia mtu katikati ya kazi, jina lake likafunika picha wakati unapita kati ya nyaya.

Saa 2 asubuhi

Papa, yaani baba, mwenye nyumba anatusubiri getini. Mvua ni ya Novemba, naye anataka kujua paa lake lina hali gani kabla haijafika. Mwaka jana maji yaliingia chumba cha watoto, na fundi aliyepanda juu aliongeza matundu kwa miguu yake.

"Mama, usinifiche kitu," ananiambia. "Kama bati imeoza, sema imeoza."

Namwonyesha karatasi zangu za ruhusa, namwambia nimempigia pia shefu wa kartye, kiongozi wa mtaa, kisha nachagua pa kurukia: saruji tupu nyuma ya nyumba, mbali na kamba za nguo. Simu imefika 92. Nazima ile sehemu ya programu inayohifadhi nakala ya video kwenye simu wakati wa kurekodi, maana video halisi inaingia kwenye kadi ya droni, na nakala hiyo inaila simu bure.

Hapa inaanza kazi ya mdogo wangu. Nimeweka kwenye simu programu ndogo inayoelea juu ya nyingine, inaandika asilimia ya betri kwenye kona. Namba ipo, ila jicho langu haliendi kwenye kona wakati droni iko mita 2 juu ya bati. Kwa hiyo yeye anasimama bega kwa bega nami, anaangalia anga, na kila dakika 3 anashusha macho na kuisoma. Mimi ananiita yaya, dada mkubwa.

"Yaya, iko 90."

"Sawa."

"Iko 89."

Tunapita mistari, kama mtu anayelima shamba. Upande wa mashariki bati moja imeinuka pembeni na misumari miwili haipo, tundu zake nyeusi zinaonekana wazi kabisa. Papa anainama juu ya bega langu la pili, ananyamaza, kisha anasema polepole, "Ni pale juu ya chumba cha batoto."

Safari ya kwanza ni dakika 16, simu kutoka 92 hadi 84. Ya pili dakika 12, kutoka 84 hadi 78. Ni nusu asilimia kwa dakika. Asubuhi simu yangu ni mtu mtulivu.

Saa 4 asubuhi

Kibanda cha kuchaji karibu na soko. Mwenyewe ana paneli juu ya paa na jenereta kwa siku mbaya. Tunalipa, tunaacha betri za droni, rimoti na pawabenki, tunakaa kwenye benchi. Simu siiachi kwa mtu. Naichaji nikiwa nimeishika.

Saa 6 mchana

Bukari (ugali), lengalenga (mchicha) na samaki. Mdogo wangu anakula kama vijana wote wa umri wake. Tunaongea habari za mtihani wake.

Saa 8 mchana

Kwaya ya kanisa inataka video ya wimbo wao mpya, na wamechagua barabara yenye jakaranda pande mbili, wote wamevaa kitenge cha rangi moja. Ni watu 30 hivi. Nawaomba wasimame nusu duara, na naeleza kwamba droni itapita mbele yao na pembeni, juu ya vichwa vyao haipiti. Mwalimu wa kwaya, mzee mpole mwenye sauti nzito, anakubali, kisha ananiuliza lile swali ambalo kila mtu huuliza baadaye sana.

"Mama, simu ikizima, ile ndege inaanguka juu ya batoto?"

Hapana papa, haianguki. Rimoti na droni vinaongea vyenyewe, simu ni dirisha tu. Dirisha likifungwa, vijiti bado vinafanya kazi. Najua kwa sababu ilinitokea miaka miwili iliyopita, huko Ruashi, hapa hapa mjini, kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa. Simu ya wakati ule ilikuwa na betri iliyochoka. Ilionyesha 14, nikasema nina dakika za kutosha, na papo hapo kioo kikawa cheusi. Betri ya zamani hufanya hivyo: ukiitaka nguvu nyingi kwa mara moja, volti inashuka ghafla, na simu inazima hata kama hesabu bado inasema kuna kitu. Droni ilikuwa mita 60 kutoka kwangu, nyuma ya ukuta wa ghorofa ya pili, siioni. Nilisikia mlio wake tu. Mikono ilitetemeka, lakini nilikumbuka kubonyeza na kushikilia kitufe cha kurudi nyumbani. Rimoti ikaanza kulia bip, bip, nami nikasimama nimetazama juu hadi nukta nyeusi ikatokea juu ya ukuta na kuteremka karibu na pale iliporukia. Ilirudi kwa sababu mbili: ilikuwa imeshika satelaiti na kurekodi mahali pa kurukia kabla ya kupanda, na urefu wa kurudi nilikuwa nimeuweka juu kuliko ukuta. Droni hii haina macho ya pembeni. Kama urefu ule ungekuwa mdogo, ingerudi moja kwa moja kwenye tofali.

Mwalimu anasikiliza mpaka mwisho. "Basi leo umeweka ngapi?"

"Mita 40, papa. Miti hii haifiki hapo."

Saa 8 na nusu

Simu 95. Safari ya kwanza, dakika 17. Sauti zinapanda vizuri, lakini nikishusha droni simu iko 73. Asilimia 22! Asubuhi dakika kama hizo zilinilia 8.

Jua ndilo linalokula. Ili nione kitu nimepandisha mwangaza wa skrini hadi mwisho, simu inapata moto, na simu yenye moto hujilinda kwa kupunguza mwangaza yenyewe. Halafu unajiona uso wako kwenye kioo badala ya jakaranda. Rimoti inailisha simu kidogo kupitia ule waya, ni kweli, lakini kwenye jua la namna hii inachangia tu, haijazi, nayo yenyewe inapungua. Mimi nimeacha sehemu hiyo ikiwa imewashwa na siihesabu.

Halafu kuna kingine ambacho sikukijua hadi nilipoanza daftari. Kwaya inapanga upya safu, soprano wanabishana na teno, mtoto mmoja anatafuta kiatu. Droni iko chini imezimwa, betri yake haipungui hata kidogo. Simu iko wazi mkononi mwangu, kioo kinawaka. Dakika 20 za kusubiri, na simu imetoka 73 hadi 64.

Saa 9 na robo alasiri

Safari ya pili. Mdogo wangu anasoma, mimi sijibu.

"59."

"55."

"51, yaya. Na picha inafifia."

Inafifia kweli. Mama mmoja wa safu ya alto, ambaye haimbi ubeti huu, ameona ninavyokunja uso. Anakuja na kitenge alichojifunga juu ya sare, anamshikisha mdogo wangu pembe moja, nyingine anashika mwenyewe, wanatengeneza paa juu ya mikono yangu. Picha inarudi. Naona maua, naona mikono ya waimbaji ikipiga makofi.

"49."

"46." Hapo nashusha.

Saa 9 na nusu

"Mara moja tena tu, mama," mwalimu anasema. "Sasa hivi ndiyo banaanza kuimba muzuri."

Ana haki, wanaimba vizuri kuliko mwanzo, na ninajua kwaya ikishapoa ni shida kuipasha tena. Lakini nina sheria mbili: siruki chini ya 50, na 30 ikinikuta hewani narudi. Sheria hizo ni za siku ya kawaida. Asilimia 46 ya saa 2 asubuhi ningeifikiria. Asilimia 46 ya saa hizi, kwenye simu inayochoma kiganja, ni namba nyingine kabisa. Namwonyesha daftari, kidole juu ya mistari. Anavaa miwani, anasoma kweli, si kwa adabu tu.

"Unataka saa ngapi?"

"Kama saa nzima. Na jua litakuwa limeshuka, papa, miti itapendeza zaidi."

Navua kava la simu, naizima, naiweka kivulini juu ya ukuta panapopita upepo. Dakika 5 za kwanza siichaji, kwa sababu simu yenye moto inapokea chaji shingo upande. Mama mmoja ananipa chupa ya maji baridi akiniambia niilaze simu juu yake. Namshukuru, lakini nakataa: baridi ya ghafla hutengeneza unyevu ndani. Ikishapoa naipa pawabenki. Kwaya inakaa kwenye kivuli na kurudia ubeti wa tatu kwa sauti ya chini, na mimi kwa mara ya kwanza leo nasikia maneno yake.

Saa 10 na nusu jioni

Simu 68. Jua limelala upande wa magharibi, mwanga unapita chini ya matawi na kuwasha maua kutoka ndani. Mwangaza wa skrini nimeupunguza hadi nusu na naona kila kitu. Droni inaanza chini kabisa, usawa wa magoti ya watoto wa mbele, inarudi nyuma polepole, inapanda kando ya miti, hadi kwaya yote inakuwa utepe wa kitenge kwenye barabara ya zambarau. Mdogo wangu anasoma namba kwa kunong'ona ili sauti yake isiingie kwenye kinasa cha kwaya kilicho chini. 66. 64. 62. Hakuna anayebishana, hakuna kiatu kilichopotea.

Dakika 16. Natua na 57.

Mwalimu anainua mikono yote miwili, kisha anamgeukia yule mama wa alto na kumpa mkono.

Saa 2 usiku

Nyumbani. Umeme umerudi, kwa hiyo kila kitu kinachaji: droni, rimoti, pawabenki, simu. Nakagua video kwenye kompyuta, safari ya tatu ndiyo itakayotumika karibu yote. Picha za paa nimeshamtengea papa wa Golf, bati ile ya mashariki nimeizungushia duara jekundu.

Mdogo wangu amekaa sakafuni na daftari. Ameishika safari ya pili, anapiga hesabu pembeni kwa penseli: bila kitenge, asilimia 13 kwa dakika 9, na chini ya kitenge, asilimia 5 kwa dakika 6.

"Yaya, daftari halina mahali pa kuandika hii."

Namwambia achore safu ya sita. Anachukua rula, anavuta mstari hadi chini ya ukurasa, na juu yake anaandika: kivuli.