Sakafu ya Mteremko Mtaa wa McLemore

Treni iliondoka Chicago saa mbili usiku na kutufikisha Memphis alfajiri. Reli hiyohiyo ndiyo iliyowapandisha maelfu ya Wamarekani weusi kutoka Mississippi na Tennessee kwenda kutafuta kazi kwenye viwanda vya kaskazini. Mimi nilikuwa nateremka nayo kusini, kwa sababu ya neno moja lililochapwa katikati ya sahani ya santuri ya baba yangu: Stax.

Baba alikuwa kijana Dar es Salaam enzi za bugalu. Mwaka 1969, muziki wa soul ulipopigwa marufuku jijini, alizifunga sahani zake kwenye kanga ya bibi na kuzisukuma uvunguni mwa kitanda. Mojawapo ilikuwa ya waimbaji wawili, Sam & Dave, yenye nembo ya rundo la santuri. Utotoni niliamini jina la kampuni hiyo ya santuri linatokana na picha ile. Kumbe ni ukoo wa watu wawili: St ni Stewart, Ax ni Axton. Jim Stewart na dada yake Estelle Axton, Wazungu wawili kutoka Middleton, mji mdogo wa mashambani huko Tennessee.

Kutoka stesheni nilitembea kwa miguu hadi Lorraine Motel, alikouawa Martin Luther King tarehe 4 Aprili 1968. Shada la maua limening'inia kwenye ukingo wa ghorofa ya pili. Nilisimama pale muda mrefu, maana hoteli hiyo ilikuwa pia kijiwe cha watu wa Stax. Weusi na weupe walikaa hapo pamoja, katika mji uliowatenga karibu kila mahali pengine, na mwimbaji Eddie Floyd na mpiga gitaa Steve Cropper waliutungia humo wimbo wa "Knock on Wood".

Kisha nikachukua teksi hadi mtaa wa McLemore, palipokuwa na studio ya Stax. Dereva, mzee wa makamo, alipunguza mwendo tulipokaribia. "Hapa palikuwa kichaka," akaniambia. "Walibomoa kila kitu." Ni kweli. Jengo la awali lilibomolewa mwaka 1989. Hili la sasa, lenye maandishi ya "Soulsville U.S.A." juu ya mlango, ni makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2003 mahali palepale, yakajengwa yafanane na lile la kwanza.

Ndani kuna kanisa dogo la mbao lililohamishwa kutoka Mississippi, na kuna gari la Cadillac la Isaac Hayes, mwimbaji wa Stax, lililonakshiwa kwa dhahabu, ambalo kila mgeni hulipiga picha. Mimi nililipita. Nilitaka kufika studio.

Nilipoingia, vifundo vya miguu vilijua kabla ya macho. Sakafu inateremka. Stewart alikodi jengo hili mwaka 1960 likiwa sinema iliyofungwa, Capitol Theatre. Viti viling'olewa, lakini kusawazisha sakafu kulihitaji pesa ambazo hakuwa nazo, ikabaki na mteremko wake. Chumba cha mitambo wakakiweka jukwaani, pale filamu zilipokuwa zikioneshwa. Chumba kikubwa kilichoinama hivyo kiliipa santuri za Stax ule mvumo mzito ambao baba huuita "sauti yenye kifua". Nilipanda hadi juu, nikashuka tena taratibu, kiganja kikiwa ukutani.

Stewart alikuwa karani wa benki mchana na mpiga fidla wa muziki wa kantri usiku. Alipoanzisha kampuni mwaka 1957, ikiitwa Satellite, muziki wa watu weusi hakuujua kabisa. Mwaka uliofuata alihitaji mashine ya kurekodia, akamwendea dada yake. Estelle, aliyemzidi miaka 12, alimshawishi mumewe wakaweka nyumba yao rehani, wakapata dola 2,500, mashine ikanunuliwa. Kwangu mimi mwanzilishi ni huyu mama kama alivyo Jim, na naona watu humtaja haraka mno.

Palipokuwa pakiuzwa bisi kwenye ile sinema, Estelle alifungua duka la santuri. Watoto wa mtaa walishinda hapo, naye akiwachezea nyimbo na kuwauliza: huu umekukolea kwa nini? Majibu yao aliyapeleka studio. Booker T. Jones alikuwa mmoja wa vijana waliozurura dukani. Mwaka 1962, akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, alipiga ogani kwenye "Green Onions". David Porter alifanya kazi kwenye duka la vyakula ng'ambo ya barabara kabla hajawa mtunzi. Mwaka huohuo wa 1962 alikuja mpiga gitaa kutoka Georgia na dereva wake. Mwisho wa siku yule dereva akaomba aimbe japo wimbo mmoja. Ndiye Otis Redding, aliyekuja kuwa nyota wa Stax.

Ukuta wa maonyesho unaofuata sikuupenda. Mwaka 1965 Stewart alitia saini mkataba na Atlantic, waliokuwa wakisambaza santuri zake, bila kuusoma vizuri. Desemba 1967 Otis alikufa kwenye ajali ya ndege huko Wisconsin. Miezi michache baadaye, Atlantic ikiwa imeuzwa, Stewart akagundua kwamba kwa maandishi yale kanda zote walizokuwa wamesambaza hazikuwa zake tena. Miaka ya jasho ikaondoka kwa karatasi moja.

Akaanza upya na Al Bell, kiongozi mwenzake wa kampuni. Estelle alijitoa. Zilikuja fahari nyingine, Isaac Hayes, na tamasha la muziki la Wattstax la Agosti 1972 lililojaza uwanja wa Los Angeles kwa kiingilio cha dola moja, lakini madeni nayo yalikua. Stewart angeweza kukaa pembeni na pesa zake. Badala yake aliweka mali yake binafsi kuwa dhamana ya kampuni. Desemba 1975 Stax ilifilisiwa, na jumba la Stewart likaenda. Baada ya hapo hakuonekana sana hadharani hadi alipofariki Desemba 2022, akiwa na miaka 92.

Nilitoka nje mchana na kumpigia baba. Kwetu ilikuwa saa mbili usiku. Nilimweleza habari ya sakafu, ya mashine na rehani ya Estelle, na ya jumba la mdogo wake. Alinyamaza kidogo.

"Nyumba yake alirudishiwa?"

"Hapana, baba."

Juu ya mlango spika ilikuwa ikipiga Otis.

"Huyo nani anaimba hapo?" akauliza, ingawa alishamjua. "Hebu sogeza simu, mwanangu."

Nikainua mkono juu kadiri nilivyoweza.