Eti nishukuru kwa kuachwa hai

Jana nimemsindikiza wifi altrasaundi, dada wa kipimo hajamaliza hata kufuta ile jeli tumboni keshasema "hongera mama, wa kike huyo", wifi huyoo kwenye simu anampigia kaka. Mimi nimebaki nakodolea ukuta, natafuta bango. Kule Pune, India, kila kliniki yenye altrasaundi lazima ibandike tangazo kwamba hapa jinsia ya mtoto haitajwi, ni kosa kisheria, tangu sheria ya 1994, kwa sababu watu walikuwa wakisikia ni wa kike wanaitoa mimba.

Basi mawazo yote yakarudi hosteli kulekule Pune, ile jioni ya dokumentari. Rumeti wangu, yule wa jimbo la Rajasthan, ndiye aliyeileta kwenye flashi, The World Before Her ya Nisha Pahuja, ya 2012. Tumekaa kitandani na laptopu katikati. Inafuata kambi mbili, huku Mumbai wasichana 20 wananolewa kwa ajili ya Miss India, kule wasichana wa Durga Vahini, tawi la wanawake wa Vishva Hindu Parishad, shirika la Wahindu wenye msimamo mkali, wanafundishwa kupigana na kushika bunduki wailinde dini yao. Ilipofika pale warembo wanafunikwa shuka jeupe kichwani ili ionekane miguu peke yake, rumeti akacheka sana, akasema mama yake mpaka leo anajivuta sari usoni baba mkwe akiingia. Mama anafunikwa asionekane, hawa wanafunikwa waonekane vizuri.

Halafu akaja Prachi. Ni mkufunzi wa kambini, dada wa shoka kwelikweli, hataki hata kusikia habari za kuolewa. Baba yake anaeleza mbele ya kamera, bila kupepesa, jinsi anavyompiga na jinsi alivyomuunguza mguu kwa chuma cha moto akiwa mdogo kwa sababu alidanganya. Nikajua sasa binti atalipuka. Wapi! Anasema kwa upole tu kwamba baba ana haki hiyo, wababa wengine wanaua watoto wa kike, wake alijua ni msichana na bado akamwacha aishi.

Rumeti akaisimamisha. Sura ya Prachi imeganda kwenye skrini, feni inazunguka, nje kuna mtu anafua anagonga nguo sakafuni, na yeye haniangalii. Akasema, "Didi," yaani dada, "bibi yangu ananiambia hivyohivyo." Lini? Akiosha vyombo vibaya. Akichelewa kurudi. Siku aliyosema anataka uinjinia badala ya kuolewa, bibi akamkumbusha kwamba kuna nyumba pale kijijini hazina msichana hata mmoja, ashukuru. Na anamshukuru, ndilo lililoniuma, anampenda yule bibi, ndiye aliyeuza bangili zake za dhahabu ili yeye alipiwe ada.

Nikapandisha sauti. Nikamwambia hakuna anayedaiwa shukrani kwa kutokuuawa jamani, huo si wema. Akaniuliza, "Wewe ulipozaliwa, kwenu walifurahi?" Nikataka kujibu ndiyo haraka haraka, mdomo ukawa mzito, maana sisi ni wasichana wanne mfululizo na nawakumbuka vizuri baba wadogo wakimshauri baba atafute mrithi nje.

Tukaimalizia mpaka kwa Pooja Chopra, Miss India World wa 2009, ambaye baba yake hakumtaka tangu anazaliwa kwa vile ni wa kike, mama akabeba mabinti zake akaondoka. Mimi nililia. Rumeti hakulia, alisema tu kwamba yule mama alikuwa na mahali pa kwenda. Siku hizi rumeti yuko Bangalore, ni injinia, ameolewa na mtu aliyeletwa na familia kwa bayodeta, ile karatasi ya wasifu wa mchumba, ana binti. Juzi nimemuuliza bibi anamwonaje kitukuu, akanijibu anamwogesha kwa maziwa na hataki mtu mwingine amshike.