Mama lishe kwenye foleni ya unga

Leo mchana nilikuwa Tandale, Dar es Salaam, nikisaidia kugawa chakula ambacho waumini wa msikiti mmoja huchangishana kwa ajili ya majirani: unga wa sembe, maharage na mafuta ya kula.

Katika foleni nilimwona mama lishe ambaye wengi wetu tumekula wali maharage bandani kwake, mara nyingine kwa mkopo.

Nilimwamkia. Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akanieleza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mtaji ulikwisha alipokuwa akimuuguza mumewe, na kwamba mwenye duka hamkopeshi tena mchele kwa kuwa deni la zamani bado limo kwenye daftari.

Alipopokea unga, aliufunika kwa khanga. Kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku Juni 2019, rambo jeusi lilimsitiri mtu. Sasa kila jirani anaona ulichobeba.

Kilichonikaa moyoni ni kwamba aliuliza kama maharage yangewatosha waliokuwa nyuma yake, akaomba apunguziwe.

Ndugu zangu, mtaani kwenu watu husaidianaje bila kuvunjiana heshima? Na ni wangapi kati yetu ambao bado tunadaiwa na mama lishe?