Mwanangu amewekwa beki

Saa moja kasoro robo asubuhi, giza la Januari bado limetanda nje, na mimi nimepiga magoti kwenye chumba cha kubadilishia nguo nikimkazia mwanangu kamba za viatu vya barafu kabla ya mazoezi yake ya hoki ya barafu. Ana miaka kumi. Kamba hizi hazitaki huruma. Ukizilegeza kidogo tu, kifundo cha mguu kinacheza na mtoto anaanguka. Kwa kawaida nikimfunga yeye huwa anapiga soga bila kupumua. Leo alinyamaza. Nilipomaliza mguu wa pili akainama, akaniambia kwa Kiswahili, lugha anayoikimbilia akitaka wenzake wasisikie:

"Mama, kocha ameniweka beki."

"Sasa kuna ubaya gani?"

"Beki hafungi magoli."

Akavaa kofia yake ya chuma akaondoka, na mimi nikapanda jukwaani na chupa yangu ya chai. Baridi ya ukumbi wa barafu si kama ya nje. Ya nje ina upepo, inakuja na kuondoka. Hii ya ndani inakaa tu, inapanda kutoka kwenye nyayo. Nilikaa nikamtafutia mwanangu jibu, na jibu lililonijia lilikuwa na jina la nyumbani.

Msimu wetu wa kwanza hapa Stockholm, mzee mmoja wa Kiswidi aliyekuwa akimleta mjukuu wake aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Kenya, Kisumu. Uso wake ukachangamka. "Aa, kama Oduya!" Nikashtuka. Kwetu akina Oduya ni wengi, nikadhani labda amewahi kufanya kazi kule, anamjua mmojawapo. Kumbe alikuwa anamtaja mtoto wa mji huu huu, Johnny Oduya, aliyezaliwa Stockholm tarehe 1 Oktoba 1981, mama Mswidi na baba Mjaluo wa Kenya. Mzee akainyanyua mikono yake na kunionyesha namna kijana huyo alivyolinyanyua Kombe la Stanley, kombe la mabingwa wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, mara mbili, akiwa na timu ya Chicago. Nilirudi nyumbani usiku ule nikatafuta picha. Nikaliona jina limeandikwa mgongoni kwa herufi kubwa, ODUYA, na nikakaa nalitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Tangu hapo nimemfuatilia kama mtu anavyomfuatilia ndugu wa mbali. Na kitu kilichonishika si makombe. Ni miaka iliyotangulia.

Johnny hakuwa wa kwanza nyumbani kwao. Alikuwapo kaka yake Fredrik, aliyezaliwa mwaka 1975, naye beki. Mwaka 1993 Fredrik alichaguliwa na San Jose Sharks kwenye ile wanayoiita drafti, siku ambayo timu za NHL hupokezana zamu kuchagua vijana kutoka dunia nzima. Fikiria kijana mwenye jina la Kijaluo, kutoka Uswidi, anaitwa California kwenda kucheza barafuni. Alivuka bahari akacheza miaka kadhaa kwenye ligi za chini za Marekani, zile za safari ndefu za basi. Mechi ya NHL hakupata hata moja.

Hapo huwa namkumbuka dada yangu mkubwa. Yeye ndiye aliyetangulia Ulaya. Mambo hayakumnyookea, akarudi Kisumu, na kuna watu waliosema alikwenda bure. Lakini mimi nilipokuja, nilijua koti la namna gani ninunue, nilijua barua ya ofisi isiyopaswa kukaa wiki bila kujibiwa, nilijua kwamba mwezi wa Novemba ndio unaovunja moyo na kwamba unapita. Yote hayo yeye aliyalipia. Kwa hiyo nikisoma kwamba Johnny naye alivuka bahari akiwa bado kijana kwenda kucheza ligi ya vijana ya Quebec, Kanada, kwanza timu ya Moncton kisha Victoriaville, siwezi kuamini alikwenda gizani. Kuna mtu nyumbani aliyekwisha kumwambia barabara ilivyo.

Mwaka 2001 ikafika drafti yake. Washington Capitals walimchagua raundi ya 7, akiwa wa 221. Maana yake vijana 220 walikuwa wamekwisha kuitwa kabla jina lake halijatajwa. Ukichaguliwa nafasi hiyo hakuna anayekungoja uwanja wa ndege. Capitals hawakumpa nafasi ya kuwachezea hata mechi moja. Akarudi Stockholm, akaanza na Hammarby kwenye daraja la pili.

Hii miaka ndiyo ninayoipenda, nami natamani ingeandikwa zaidi. Miaka miwili Hammarby. Kisha Djurgården, miamba ya mji huu, mwaka 2003. Msimu wa 2004 hadi 2005 NHL nzima ilisimama kwa mgogoro wa mishahara kati ya wenye timu na wachezaji, na nyota wengi wa ligi ile wakaja kucheza Ulaya, wengi wao hapa Uswidi. Beki wa miaka 23 ambaye Marekani walikuwa hawana habari naye, sasa kila wiki anakutana barafuni na watu wa daraja lile hasa. Msimu uliofuata akahamia Frölunda ya Gothenburg, wakafika fainali ya mwaka 2006 na kushindwa na Färjestad. Kiangazi hicho New Jersey Devils wakamsajili. Alipocheza mechi yake ya kwanza ya NHL, Oktoba 2006, alikuwa ametimiza miaka 25. Tangu aitwe nambari 221 ilikuwa imepita miaka mitano.

Mwanangu hakuniuliza habari hizi. Aliniuliza habari ya magoli. Basi nirudi kwake.

Waswidi wanamwita beki "back", kwa matamshi ambayo yeyote aliyekulia Kisumu au Mwanza angeyaelewa bila mkalimani. Lakini beki wa hoki ya barafu si yule wa soka anayesimama nyuma akiungoja mpira. Nimejifunza kumtazama polepole, kwa misimu mitatu ya asubuhi kama hii. Wako wachezaji sita kwa kila upande, kipa akiwemo, na mabeki ni wawili. Wanaingia na kutoka bila mchezo kusimama; zamu moja ni kama sekunde 45, kwa sababu mwili hauwezi zaidi kwa kasi ile. Na katika sekunde hizo beki anafanya jambo ambalo wengine hawalifanyi kwa wingi namna ile: anateleza kinyumenyume. Mshambuliaji anamjia uso kwa uso akiwa na ile paki, kidude cha mpira mgumu kilichogandishwa, na beki anarudi nyuma kwa kasi ileile, macho kwenye kifua cha mtu na si kwenye paki. Paki inadanganya, kifua hakidanganyi. Kazi yake si kumnyang'anya hapo hapo. Kazi yake ni kumnyima njia ya katikati, amsogeze pembeni kidogo kidogo, mpaka mshambuliaji ajikute amebanwa ukutani na goli liko mbali, pembe imekuwa finyu. Akifanya hivyo vizuri, hakuna kinachotokea. Watu jukwaani wanaendelea kunywa kahawa.

Na akikosea mara moja, ukumbi mzima unamjua kwa jina.

Ndivyo Oduya alivyokuwa, na ndiyo maana ilichukua muda watu kumwona. Alikuwa mwepesi mno miguuni, na sifa yake kubwa ilikuwa kuzima hatari. Wakati timu yake ina mchezaji aliyetolewa kwa adhabu ya dakika mbili, yeye ndiye aliyetumwa ndani kuzishikilia dakika hizo. New Jersey walimlea vizuri, timu iliyojengwa juu ya ulinzi tangu zamani, na nyuma yake akiwa kipa Martin Brodeur. Februari 2010 wakamtoa kwenda Atlanta katika mpango mkubwa wa kumpata mfungaji Ilya Kovalchuk. Mwaka 2011 timu ya Atlanta ikahamishwa yote kwenda Winnipeg, naye akahama nayo.

Mwaka huohuo wa 2011, Fredrik akafariki kwa ajali ya pikipiki. Alikuwa na miaka 36.

Sijui kuandika habari ya kifo cha kaka. Nimeandika sentensi hapa mara nne nimezifuta. Ninachoweza kusema ni kwamba nimewahi kupokea simu ya namna hiyo nikiwa huku, mbali, usiku, na kesho yake nikaenda kazini kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na miguu yangu. Johnny alikuwa Winnipeg, kwenye baridi ile, katikati ya msimu.

Februari 2012 Winnipeg wakamtoa kwenda Chicago Blackhawks, na wao wakapewa haki ya kuchagua vijana wawili katika drafti ya baadaye. Hapo akapangwa na Mswidi mwenzake, Niklas Hjalmarsson, mtu aliyejulikana kwa kujilaza mbele ya mashuti. Wawili hao, mwaka 2013, wakaenda mpaka fainali.

Sasa nafika pale nilipotaka mwanangu afike. Mechi ya kwanza ya fainali, tarehe 12 Juni 2013, mjini Chicago, dhidi ya Boston Bruins. Chicago wako nyuma 3 kwa 1 katika kipindi cha tatu. Dave Bolland anapunguza, 3 kwa 2. Kisha paki inamfikia Oduya akiwa mbali, anapiga, inagonga kiatu cha beki wa Boston, Andrew Ference, inabadili njia, inaingia. Tatu kwa tatu. Beki! Mechi ikaendelea mpaka kipindi cha tatu cha nyongeza, saa za usiku mno, kabla Andrew Shaw hajaimaliza. Siku 12 baadaye, katika mechi ya sita, Chicago wakafunga magoli mawili ndani ya sekunde 17 na kombe likawa lao. Mwaka 2015 wakalitwaa tena mbele ya Tampa Bay. Katikati ya makombe hayo mawili, Oduya alivaa jezi ya Uswidi kwenye Olimpiki ya Sochi akapata medali ya fedha. Kwa jumla alicheza mechi zaidi ya 800 kwenye ligi ambayo iliwahi kumwona wa 221.

Majina ya washindi wa kombe lile hugongwa kwenye chuma kwa nyundo, herufi moja moja. Oduya limegongwa mara mbili. Jina la ukoo si la mtu mmoja, na hilo hunifariji ninapomfikiria Fredrik.

Mazoezi yalipokwisha mwanangu alitoka jasho likimtiririka, mvuke unampanda kichwani. Kwenye treni nilimwonyesha goli lile kwenye simu yangu. Akalirudia mara sita au saba. Kisha akaniuliza kama Oduya alijua kwamba itagonga kiatu cha yule mtu. Nikamwambia sidhani, lakini alipiga. Akatazama nje dirishani hadi kituo cha pili.

"Huyu baba yake ni wa kwetu kweli?"

"Wa kwetu kweli."

"Na kule kwetu kuna barafu?"

Nikamweleza kwamba Kisumu hakuna, lakini Nairobi, kwenye barabara ya Mombasa, kuna hoteli iliyofungua uwanja wa barafu mwaka 2005, na kwamba vijana wa Ice Lions, timu ya Kenya ya hoki ya barafu, walijifunzia hapo, uwanja mdogo kuliko ule wa kawaida. Nikamwambia Kenya sasa ni mwanachama wa shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu, tangu 2024. Hilo alilipenda kuliko goli. Akataka kujua jezi yao ina rangi gani.

Sasa ni jioni. Vifaa vyake vimetundikwa bafuni vikikauka, harufu yake imejaa nyumba nzima, nami nilikuwa jikoni nikisukuma chapati. Nikasikia anaburuta miguu koridoni. Nilipochungulia nikamwona yuko na soksi tu, mwiko wangu wa ugali mkononi, anarudi kinyumenyume kutoka mlangoni hadi chumbani, magoti yameinama kama kocha anavyotaka, macho mbele.

"Mama, njoo unishambulie."

"Nina unga mikononi."

"Njoo hivyo hivyo."

Nikaacha chapati kwenye tawa, nikamwendea mbio katikati ya koridoni. Hakuangalia mikono yangu. Alinitazama kifuani, akarudi, akarudi, mwiko umenyooshwa upande wa ndani, na kabla sijajua nimefanywaje bega langu lilikuwa limegusa kabati la viatu.