Siku moja maishani mwangu: taya, majalada na kidole cha tatu

Saa 11:30 alfajiri

Kabla sijawasha taa, na kabla hata sijamwamkia mama aliyelala chumba cha pili, naingiza vidole vya mkono wa kushoto kinywani. Hicho ndicho kipimo changu cha siku, kwa kuwa naumwa kiungo cha taya. Mtu mwenye taya zima hufungua kinywa kiasi cha kupitisha vidole vyake vitatu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, yaani milimita 40 hivi au zaidi. Leo vimeingia viwili; cha tatu kimegonga meno, na maumivu yakachoma mbele ya sikio la kulia hadi kwenye panja.

Julai ya Dodoma ina baridi kavu yenye upepo, nami usiku wa baridi hulala nimejikunja, mabega yamepanda na meno yamebanana. Navua kinga ya meno, ile plastiki ngumu iliyochongwa kufuata meno yangu ya juu, naisugua kwa mswaki na maji ya baridi, kwa kuwa maji ya moto yanaweza kuipinda. Kisha nachovya taulo dogo katika maji ya moto, nalikamua na kuliweka shavuni kwa dakika 15 wakati uji wa ulezi unachemka. Joto hulegeza misuli, na misuli ndiyo inayonisumbua zaidi kuliko mfupa. Namaliza na kupima tena: kidole cha tatu kinaingia ncha tu.

Saa 12:20 asubuhi

Natoka Ipagala kwenda Mtumba, Mji wa Serikali, ambako nafanya kazi katika masijala ya wizara mojawapo. Ndani ya daladala nimebanwa dirishani, na kila gari linapopita kwenye tuta najikuta nimekaza meno kama ninayebeba gunia. Hapo nakumbuka agizo la daktari: midomo ikutane, meno yaachane, ncha ya ulimi itulie nyuma kidogo ya meno ya mbele ya juu, pale inapogusa mtu anapotamka herufi «n». Nilipolisikia mara ya kwanza nililiona jepesi mno kuitwa matibabu. Nilikuwa nimelipia nauli na kukaa foleni ili niambiwe mahali pa kuweka ulimi!

Lakini nilikuwa nimeshalipa gharama kubwa zaidi ya hiyo. Kwa miezi minane niliamini kwamba naumwa jino. Kliniki moja, ambayo sina haja ya kuitaja, iling'oa gego langu la mwisho la kulia. Kidonda kikapona vizuri kabisa, na maumivu yakaendelea palepale yalipokuwa. Baadaye nikadhani ni sikio, nikatiwa matone. Duka la dawa nalo likaniuzia diklofenaki, dawa ya maumivu, bila swali, nikainywa bila kula hadi tumbo likaanza kuwaka moto. Maumivu ya kiungo cha taya hudanganya namna hiyo, kwa kuwa husambaa hadi menoni, sikioni, kichwani na shingoni, kisha mgonjwa anatibiwa kila mahali isipokuwa panapohusika.

Saa 2:00 asubuhi

Masijala yetu imejaa barua za mwaka mpya wa fedha, na simu ya mezani haipumziki. Zamani niliibana simu kati ya sikio na bega huku nikitafuta jalada kwa mikono yote miwili, na sasa najua kwamba shingo iliyopinda nusu saa nzima huvuta pia misuli ya taya. Siku hizi namwomba aliyepiga asubiri, naweka simu chini, ndipo naamka kutafuta.

Kwenye jalada la rejista, kwenye fremu ya kompyuta na kwenye mlango wa kabati nimebandika vidoa vyekundu vya karatasi, kila kimoja kidogo kuliko shilingi. Jicho linapotua kwenye kidoa, nauliza: meno yanagusana? Kwa kawaida meno ya juu na ya chini hukutana wakati wa kutafuna na kumeza tu, na ukijumlisha nyakati hizo zote kwa siku nzima unapata dakika chache. Leo, kati ya saa mbili na saa nne, nimeweka alama pembezoni mwa karatasi chakavu: nimetazama kidoa mara kumi na nne, na mara tisa nimekuta meno yamekaza. Mara sita kati ya hizo nilikuwa nasoma dokezo la mtu mwenye haraka.

Saa 4:00 asubuhi

Chai. Muhogo wa kukaanga umepita mbele yangu, na karanga, na ubuyu wenye rangi nyekundu ambao ningeumung'unya hadi jioni. Nimechukua kitumbua kimoja.

Saa 7:00 mchana

Mama lishe amepika makande, na mahindi yake yana uhai. Nimeomba wali na maharage yaliyoiva vizuri. Mwenzangu wa dawati la pili ameniuliza kama naye ni mgonjwa, kwani taya lake hulia «ka!» kila anapopiga miayo. Nikamuuliza kama linauma au linakwama. Hapana. Basi nikamwambia aendelee kula makande yake, maana mlio peke yake, bila maumivu na bila kukwama, ni jambo la watu wengi na kwa kawaida hauhitaji matibabu. Hakuridhika, alitaka dawa.

Nilimchorea mlio huo kwenye bahasha. Kiungo cha taya kiko mbele tu ya tundu la sikio, ambako kichwa cha mfupa wa taya la chini hukaa ndani ya kishimo cha fuvu, na katikati yao pana kisahani laini mfano wa gegedu. Unapofungua kinywa, kichwa hicho kwanza huzunguka kama bawaba ya mlango, kisha huteleza mbele pamoja na kisahani chake, tena viungo viwili vya kulia na kushoto hulazimika kwenda sambamba kwa kuwa mfupa ni mmoja. Kisahani kikiwa kimesogea mbele kuliko kawaida, kichwa cha mfupa hukirukia, na mruko huo ndio «ka». Kikishindwa kukirukia kabisa, kinywa hugoma kufunguka.

Saa 9:00 alasiri

Mkuu wa masijala ameniruhusu niwahi kliniki mjini, na sura yake imeonyesha kwamba bado haamini mtu anaweza kwenda hospitali kwa sababu ya kutafuna. Daktari wa kinywa na meno ni mama wa makamo anayesikiliza kabla ya kugusa. Ameniwekea ncha za vidole mbele ya masikio na kuniambia, «Fungua taratibu, dada. Usinionyeshe ushujaa.» Kisha amebonyeza misuli ya mashavu na ya mapanja, na aliponigusa shavu la kulia, pembeni mwa taya, niliruka kitini. Pale pana fundo gumu linaloteleza chini ya kidole kama punje ya haragwe. Amenionyesha namna ya kulikanda: vidole viwili, miduara midogo, dakika moja kila upande, bila nguvu za kukanda unga.

Nimemwuliza tena habari ya kuchongwa meno yangu ili «yakutane vizuri», kwa kuwa jirani alinishauri hivyo. Amekataa. Ameeleza kwamba mwaka 1934 daktari wa Marekani, James Costen, alihusisha dalili za masikio na za taya na upungufu wa magego na namna meno yanavyofunga, na fikra hiyo ikawafanya wagonjwa wengi wachongwe meno kwa miaka mingi. Leo tiba huanza na yale yanayoweza kurudishwa nyuma, na jino lililochongwa halirudi. Wengi hupata nafuu kwa chakula laini, joto, mazoezi, dawa za maumivu za muda mfupi na kuacha mazoea mabaya, na wachache sana hufikia upasuaji. Kuhusu dawa, amenitaka nikumbuke tumbo langu: parasetamo kwa kipimo, na nisiguse diklofenaki wala ibuprofeni bila kumwuliza. Hata kinga ya usiku hakuitetea kupita kiasi. Inalinda meno yasilike, amesema, na wengine huwapumzishia misuli, lakini haimwondolei mtu tabia ya kubana.

Kabla sijaondoka alirudia dalili ambazo nisikae nazo nyumbani. Taya likikwama wazi baada ya miayo, hospitali siku hiyo hiyo, wala mtu asilisukume kwa ubabe. Uvimbe wenye homa, au uso kufa ganzi, vivyo hivyo. Taya linalokaza kwa mtu mwenye kidonda linaweza kuwa pepopunda. Maumivu ya taya yanayokuja pamoja na kubanwa kifua, jasho au kukosa pumzi huenda yakawa ya moyo. Na mtu aliyepita miaka 50, akianza kuumwa taya kila anapotafuna huku kichwa kikimuuma upya au macho yakififia, asilale na hilo, kwa sababu mishipa ya damu ya kichwani ikivimba inaweza kumpofusha.

Saa 12:30 jioni

Nyumbani mama amesonga ugali wa uwele, na mlenda umeshaungwa kwa karanga zilizosagwa. Tangu utotoni kule Kongwa niliutoroka mlenda nikitafuta nyama. Sasa ndicho chakula pekee ninachokila hadi kushiba bila taya kulalamika, kwa kuwa hauhitaji kutafunwa, unashuka wenyewe. Mama amenitazama nikimega tonge la tatu akacheka kwa Kigogo, kisha akasema, «Mwanangu, ugonjwa umekurudisha nyumbani.» Kuna mishkaki jirani, na harufu yake imeingia dirishani bila hodi. Nimefunga dirisha.

Saa 3:30 usiku

Simu naiweka sebuleni, kahawa niliiacha tangu mchana. Zoezi la mwisho ni lile la ulimi: nautuliza juu ya kaakaa, nafungua kinywa taratibu mradi ulimi usibanduke, nafunga, mara sita, huku nikitazama kiooni kama kidevu kinanyooka au kinapinda kuelekea kulia. Mara ya nne kimepinda. Mara ya tano na ya sita kimeshuka wima.

Napima vidole. Viwili vimepita, cha tatu kimeingia hadi kwenye kifundo cha kwanza. Naosha kinga, naivaa, nazima taa. Chumba cha pili mama anaendelea kukoroma, kinywa wazi, bila shida yoyote.